Tufyeke chini ya miti, au tuache? Jibu kwa katibu wa Jilore

Swali: "Shikamoo Mzee. Mimi ni katibu wa kikundi cha jamii cha kuhifadhi msitu, upande wa Jilore, mpakani mwa Arabuko-Sokoke. Mwezi uliopita tulialikwa semina Malindi mjini, tukaonyeshwa picha za misitu mikavu ya Marekani: vile wanavyopunguza miti na kuchoma chini kwa makusudi ili moto mkubwa ukija ukose cha kula. Tukapewa na ripoti nene ya Kiingereza. Sasa kamati imegawanyika. Wengine wasema tuingie na mapanga tufyeke vichaka vyote vya chini kabla kaskazi haijapamba moto. Wengine wasema utafiti wa watu wa mbali hauna kazi kwetu, tuuweke kando. Tufuate lipi?"

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi kwanza, maana najua mapanga yashanolewa: ndani ya msitu msifyeke. Nguvu zenu zote pelekeni mpakani, kwenye nyasi, kwenye mabua, na kwenye vile vipenyo vilivyoachwa na wachoma makaa. Na ripoti msiitupe. Mna mambo ya kuwafaa humo, ila si yale mliyoonyeshwa kwenye picha.

Sasa tuzungumze kwa kituo.

Msitu wa kwenye picha, kwa maelezo yako, ni wa magharibi mwa Marekani, wa misonobari mirefu inayoitwa ponderosa, yenye gome nene kama magamba. Ule ni msitu uliolelewa na moto. Zamani moto mdogo ulipita chini ya miti hiyo kila baada ya miaka mitano, kumi, ishirini hivi. Mwingine ulitokana na radi, mwingine uliwashwa na wenyeji wa kule wenyewe. Ulikula nyasi na sindano zilizoanguka, ukaua miche, mikubwa ikabaki salama ndani ya magome yake. Kisha mwaka 1910 ukatokea moto wa Idaho na Montana uliokula hekta kama milioni 1.2, sehemu kubwa kwa siku mbili tu za mwezi wa Agosti. Watu zaidi ya 80 walikufa. Idara ya misitu ya kule ikaapa kupigana na moto wa kila namna, na kufikia 1935 ilikuwa imetoa amri: moto wowote utakaoonekana uwe umeshadhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata.

Amri hiyo ilifaulu kupita kiasi. Miche iliyokuwa ikiuawa na moto mdogo ikakua, ikajazana chini ya mikubwa, na sindano zikarundikana mwaka baada ya mwaka. Bwana misitu mmoja, Harold Weaver, aliandika tangu 1943 kwamba kuuzuia moto kabisa kunauharibu msitu wa ponderosa, lakini hakusikilizwa upesi. Miche iliyojazana ikawa ngazi: moto wa chini ukaweza kupanda hatua kwa hatua hadi kwenye vilele, na moto ukishafika kileleni hakuna wa kuuzima. Basi kupunguza miti na kuchoma kwa makusudi ni dawa ya ugonjwa huo. Mgonjwa alinyimwa moto kwa miaka mingi, sasa anarudishiwa kidogo kidogo.

Hata dawa hiyo ina masharti ambayo semina fupi huyaruka. Wamarekani walifanya jaribio kubwa katika maeneo 12 ya nchi yao, wakilinganisha msitu ulioachwa, uliopunguzwa miti tu, uliochomwa tu, na uliopunguzwa kisha ukachomwa. Katika misitu mikavu ya magharibi, uliofanyiwa yote mawili ndio uliostahimili vizuri zaidi. Pale walipokata miti midogo na kuacha matawi chini, moto ulikuta chakula kimeshushwa kutoka juu na kuandaliwa mkekani. Mkiingia na mapanga mkafyeka mkaacha, hicho ndicho mtakachokuwa mmefanya. Na sidhani kama kamati yenu ina watu wa kubeba matawi ya hekta mia nje ya msitu.

Lakini sababu yangu kubwa si hiyo. Sababu ni kwamba msitu wenu hauna ugonjwa ule.

Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, si msitu mmoja. Wewe waujua kuliko mimi, lakini nauandika kwa ajili ya wasomaji wengine. Kuna kichaka kizito cha mchanga mwekundu upande wa magharibi, chenye miti ya Cynometra na mihuhu, kimefungana hata mtu hupita kwa kuinama. Kuna mwitu wa mirihi kwenye mchanga mweupe, ulio wazi zaidi, jua hupenya hadi chini. Na kuna msitu mchanganyiko wa mashariki, wenye mibambakofi, unaopata mvua nyingi kuliko zote: mashariki hufika milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka, ilhali kona ya kaskazini-magharibi hupata kama 600. Ukizungumzia moto bila kusema ni upande gani kati ya hizo tatu, hujasema kitu bado.

Katika kichaka cha mchanga mwekundu, tazama chini: nyasi ziko wapi? Hazipo. Kuna majani makavu na vijiti. Nyasi hazipo kwa sababu ya kivuli, na kivuli hicho hufanya kazi nyingine mbili. Hupunguza upepo: chini ya miti iliyofungana hubaki kama moja ya kumi au mbili ya kumi ya upepo unaovuma juu yake. Na huweka unyevu, kwa hiyo majani ya chini hayakauki upesi kama yale ya shambani. Ukifyeka hapo umeondoa chakula kidogo cha moto, ukafungua mlango kwa jua, upepo na nyasi kwa pamoja. Mwaka wa kwanza mtajisifu kwa usafi. Mvua mbili baadaye kutakuwa na nyasi za kufika magotini, na nyasi huungua, kisha huota tena, kisha huungua. Miti ya kichaka kile haina gome la ponderosa. Ikiungua mara mbili tatu, hairudi ilivyokuwa.

Kuna na hasara ya mfukoni. Wafugaji wa vipepeo wanaouza kupitia mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza 1993, hutegemea mimea ya humo humo mnamotaka kufyeka ili kulisha viwavi. Na yule sengi, mnyama mdogo mfano wa panya, mwenye pua ndefu na kiuno cha dhahabu, ambaye wageni huvuka bahari kuja kumwona, hujenga viota vyake kwa majani makavu ya chini na chakula chake hukifukua humo humo. Kile ambacho kamati inakiita takataka, kwake ni nyumba na jikoni.

Wale mliosema utafiti wa mbali hauna kazi kwenu, nanyi nina neno. Kuna utafiti wa mbali ulio wetu kwa ujamaa wa miti. Mwaka 1933, karibu na Ndola, Zambia, walitenga vipande vya msitu wa miombo, ambao mirihi yetu ni ndugu zake wa damu. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mapema, mara tu baada ya mvua, nyasi zikiwa bado na ubichi. Kingine kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kila kitu kikiwa kimekauka. Cha tatu kililindwa kabisa kisiguswe na moto. Wakaendelea hivyo kwa miaka na miaka. Kilichochomwa mwishoni mwa kiangazi kilipoteza miti yake mikubwa kikawa uwanda wa nyasi na machipukizi. Kilichochomwa mapema kilibaki msitu. Kilicholindwa kilifungana kikawa kizito, chenye mimea isiyopukutisha majani. Moto ule ule, miti ile ile, tofauti ni miezi michache ya kalenda.

Sasa angalia wakulima wa mpakani huchoma lini. Machi, kaskazi ikielekea ukingoni, ili shamba liwe tayari masika yakianguka. Yaani mwishoni kabisa mwa kiangazi. Ndiyo tarehe mbaya kuliko zote, na wanayo sababu nzuri kabisa ya kuichagua. Hapo ndipo kazi yenu ilipo, si kwenye vichaka.

Na hata Ndola msiichukue nzima nzima. Mirihi yetu imesimama kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, nyasi zake ni haba na za kuruka-ruka, mara nyingi hazitoshi kuupeleka moto mbali. Siwashauri mchome mapema ndani ya mirihi. Nawaambia tu kwamba tarehe ina uzito kuliko panga. Wenzetu wa Dakatcha, kule juu ya Marafa, wana mirihi pia, lakini yao imezungukwa na mashamba ya mananasi na matanuri ya makaa, na vipenyo ni vingi. Kwao hesabu ni nyingine.

Niwape sasa lile la kuwafaa kutoka kwa Wamarekani hao hao. Mtaalamu wao George Byram aliweka mwaka 1959 hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la saba aiweza: ukali wa moto ni joto lililomo ndani ya kilo moja ya chakula chake, mara kilo zilizopo kwa kila mita ya mraba, mara mwendo wa moto kwa mita za kila sekunde. Joto halibadiliki sana, nyasi au majani ni karibu kilojuli 18,000 kwa kilo. Yanayobadilika ni hayo mawili mengine. Na waliopigana na moto kwa miaka wamepata kipimo cha mwisho cha binadamu mwenye zana za mkono: kama kilowati 350 kwa kila mita ya mstari wa moto, ambayo kwa macho ni ndimi za urefu wa mita 1.2. Kifuani mwa mtu mzima. Ndimi zikipita kifua, mtu asisimame mbele yake na tawi la mti, hata awe shujaa namna gani.

Tufanye hesabu pamoja. Mpakani kwenu kukiwa na gramu 200 za nyasi kavu kwa kila mita ya mraba, moto utafika kile kipimo cha mwisho ukienda mita 6 kwa dakika. Kukiwa na gramu 500, utakifika ukienda mita 2 na kitu tu. Mita 2 kwa dakika ni mwendo wa kobe mgonjwa. Moto wa nyasi ukisukumwa na upepo wa alasiri huenda mita 60 kwa dakika bila kuhema, na hapo hata zile gramu 200 zinatoa mara kumi ya kile mnachokiweza. Mnapata mambo mawili hapo. Kwanza, kupunguza nyasi mpakani kuna maana, kwa sababu kunawapa nafasi siku upepo umelala. Pili, siku ya upepo, nyasi ziwe nyingi ziwe chache, msiukabili moto usoni. Ingieni ubavuni, anzieni pale ulipokwisha kupita, mkitembea juu ya majivu.

Hiki ndicho ninachokiita utafiti uliokoboleka. Namba moja ya kifuani, ambayo kijana wa kikosi chenu anaweza kwenda nayo shambani bila karatasi.

Nitakuambia nilivyojifunza hivyo. Miaka mingi nyuma niliandika ripoti juu ya moto wa mwambao huu. Nilipima uzito wa majani, unyevu, unene wa vijiti, nikachora grafu za rangi, na nikaipeleka kituo cha misitu kwa mikono yangu. Mkuu wa kituo, tofauti na wengi, aliisoma yote. Nilipomrudia alikuwa ameipigia mistari kwa kalamu. Akanipongeza, akanikaribisha kahawa chungu, kisha akauliza: "Kesho nina askari sita na gari moja lenye mafuta ya nusu siku. Niwapeleke upande gani?" Nikapekua. Kurasa zaidi ya themanini, na jibu halikuwamo. Halikuwamo kwa sababu sikuwahi kujua kwamba kila asubuhi hilo ndilo analoamua. Tangu siku hiyo, watafiti wakilalamika mbele yangu kwamba watu hawasomi, huwa nanyamaza nikinywa chai yangu.

Wamarekani nao waligonga ukuta huo huo. Mwaka 1998 bunge lao lilianzisha mfuko wa pamoja wa sayansi ya moto, ukitoa fedha kwa masharti kwamba utafiti ujibu maswali ya wanaosimamia ardhi. Ripoti zikaja nyingi, na bado hazikufika. Baadaye wakaweka mitandao ya kimkoa ya watu wa katikati, ambao kazi yao si kutafiti wala kuzima moto, bali kuwakalisha hao wawili chini ya mti mmoja, kwenye kisiki kile kile kilichoungua, wabishane. Ingekuwa hiari yangu, semina yenu ya Malindi isingefanyiwa ukumbini. Ingefanyiwa kwenye kona yenu yoyote iliyowahi kuungua, na mtaalamu angesimama kwenye vumbi akaulizwa na mama anayeokota kuni.

Maana mama huyo ana data. Anajua ni mwezi gani vijiti huvunjika kwa sauti na mwezi gani hupinda. Wataalamu wana jina refu kwa jambo hilo: hupanga chakula cha moto kwa unene, kwa kuwa unene ndio unaoamua kinachukua muda gani kukauka. Nyasi, majani na vijiti visivyofika milimita 6 hufuata hewa ndani ya saa moja hivi. Vya hadi sentimita 2.5 huchukua kama saa kumi. Vya hadi sentimita 7.6, kama saa mia, yaani siku nne. Magogo mazito zaidi ya hapo hufuata majira, si siku. Kwa hiyo mvua ya jana usiku isiwadanganye: nyasi zilizolowa alfajiri, kwa jua la Februari na upepo mkavu, saa nane mchana zaweza kuungua kama petroli. Na kinyume chake, gogo lililoshika moto Machi linaweza kufuka chini kwa chini siku nyingi baada ya nyinyi kurudi nyumbani mkasema umezimika.

Sasa mfanye nini? Nitataja ninayoyaamini, msiyachukue kama sheria.

Kwanza mjue mlicho nacho. Chukueni vijiti vinne vya mita moja moja, viungeni viwe fremu. Tupeni fremu mpakani mahali kumi tofauti bila kuchagua, kateni kila kilichokufa na kukauka ndani yake hadi usawa wa ardhi, kipimeni. Mizani ile ile ya kupimia nyanya sokoni yatosha. Kiasi kidogo kitoeni, pimeni, kianikeni juu ya mabati juani mpaka uzito usibadilike tena, pimeni tena. Tofauti ya uzito, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia, hiyo ndiyo asilimia ya unyevu. Jua halimalizi maji yote kama tanuri la maabara, lakini kwa kazi yenu halina neno. Gramu 100 kwa mita ya mraba ni tani moja kwa hekta, kwa hiyo mtaweza kuzungumza lugha moja na mtafiti yeyote. Katika mifano ya kawaida ya Wamarekani, nyasi fupi zikipita unyevu wa asilimia 12 hivi moto hautembei, na majani ya miti yaliyolala hufika 25 au 30 ndipo yakakataa. Msizishike namba hizo kama msahafu. Pimeni zenu kila wiki kuanzia Desemba hadi Machi, na kila moto ukitokea andikeni unyevu wa wiki ile. Baada ya misimu mitatu mtakuwa na namba za Jilore, na mtu akija na ripoti nene nyinyi ndio mtakaomfunza.

Kazi ya panga ifanyike Desemba, vuli ikimalizika, nyasi zingali na ubichi. Mkanda wa mpakani usafishwe nje ya msitu, na nyasi zitoke, zisilazwe hapo. Hapa ng'ombe na mbuzi ni wenzenu: kata upeleke zizini, au funga mbuzi upande wa shamba. Wenye mikorosho na miembe mpakani wafagie chini tu, kivuli chake kishafanya nusu ya kazi. Wenye mivinje nao waangaliwe. Zile sindano za mvinje hujilaza kama godoro na hakuna nyasi inayoota ya kukuonya, kwa hiyo watu hudhani pako salama. Si salama. Zikusanywe, ziende kwenye mashimo ya mbolea. Mkilifi, ambao wengine huuita mwarobaini, nitauacha kwa siku nyingine, maana huo una kesi yake ndefu na msitu.

Vipenyo vya matanuri ya makaa ndani ya msitu ndivyo vinavyonitia hofu kuliko vyote. Pale kivuli kimeshaondoka, nyasi zimeshaingia, na magogo yaliyobaki ni makavu. Orodhesheni vyote, kwa kutembea. Hapo ndipo nguvu ya ndani ya msitu iende, nayo si ya kufyeka bali ya kuondoa nyasi kuzunguka machipukizi mpaka kivuli kijirudie.

Mazungumzo na wakulima ni magumu kuliko yote, na sayansi haiwezi kuwafanyia. Ila inaweza kuwapa cha kuzungumza: asubuhi, umande ungali kwenye nyasi, upepo wa bahari haujaamka. Anayechoma mabua yake saa mbili ana nafasi ya kuuzima. Anayechoma saa tisa alasiri amekabidhi shamba la jirani kwa upepo. Na kibali kitafutwe, kwa sababu sheria ya misitu ya mwaka 2016 haina mzaha na moto uliowashwa msituni bila ruhusa, na kikundi chenu kikionekana kuchoma kwa jina la uhifadhi mtajikuta kizimbani na wale mnaowazuia. Warina asali nao waitwe kikaoni kama washauri, si kama washtakiwa. Mwenge wa nyuki ukidondoka ni hatari, kweli, lakini hakuna ajuaye njia za humo ndani kama wao. Wenzetu Waaweer wa msitu wa Boni, kule Lamu, wamerina asali kwenye msitu mkavu vizazi na vizazi, na msitu bado upo.

Neno la mwisho ni juu ya setilaiti, maana najua semina iliwaonyesha ramani ya NASA yenye vitone vyekundu. Ni kitu kizuri, ni bure, na saa chache baada ya setilaiti kupita kitone huonekana kwenye simu. Lakini kila kitone cha VIIRS, chombo cha kuhisi moto kilichofungwa kwenye setilaiti, ni mraba wa mita 375 kwa upande, yaani kama hekta 14, na vyombo hivyo hupita juu yetu karibu na saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Aliyewasha saa kumi jioni na moto ukafa wakati wa magharibi, setilaiti haimjui. Moto unaotambaa polepole kwenye majani chini ya kivuli nao hupita bila kuonekana. Kwa hiyo kitone kikiwepo, tumeni mtu. Kisipokuwepo, msilale.

Ripoti niletee ukija mjini. Nitakutafsiria zile kurasa za mwendo wa moto na unyevu, za ponderosa tutazipita. Ila kabla hujaja nenda kaulize, uniandikie: mioto mitatu ya mwisho upande wenu, kila mmoja ulianzia wapi hasa, saa ngapi, na nani aliuona kwanza?